Sauti ya Nani? Uhakiki wa Filamu Fupi za Kufundishia

Mwalimu wa somo lolote akitaka kueleza jambo lisiloshikika mkononi, liwe ni mzunguko wa damu, mmomonyoko wa udongo au maana ya sehemu katika hesabu, siku hizi aghalabu hutafuta filamu fupi ya dakika 5 au 10, akaionyesha kwa simu au kwa projekta, kisha akaendelea na somo lake. Filamu hizo zimekuwa nyingi hata kuchagua kumekuwa kazi. Hata hivyo hazihakikiwi. Riwaya ikitoka tunaisoma, tunaijadili na kuandika juu yake. Shairi likichapishwa tunapima vina na mizani. Bali filamu inayomfundisha mtoto dhana asiyoijua huingia darasani bila ya kuulizwa neno, kana kwamba ni chaki au ramani ya ukutani. Sisi twaona kwamba filamu ya namna hiyo ni utungo. Ina msimulizi, ina mpangilio, ina mahali inapoanzia na watu inaowakusudia, na zaidi ya yote ina lugha. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa, na walimu wa lugha ndio wenye zana za kazi hiyo, hata ikiwa maudhui yake ni fizikia tupu.

Jambo hili latuhusu kwa njia ya pekee sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini darasani kingali somo moja kati ya mengi. Mwanafunzi hukutana nacho katika ngeli, methali na barua rasmi. Hakutani nacho akipima joto wala akihesabu nyota. Filamu za masomo mengine humjia kwa Kiingereza. Basi akilini mwake hujengeka wazo kwamba Kiswahili ni cha kusalimia na kununulia, na kwamba elimu ina lugha yake nyingine. Wazo hilo likishakomaa halitang'olewa na amri yoyote.

Yafaa turudi nyuma kidogo, maana wako wadhanio kwamba filamu fupi ya kufundishia ni mgeni aliyekuja na simu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika katika Afrika Mashariki na ya Kati mradi ulioitwa Jaribio la Senema ya Elimu kwa Wabantu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Wakuu wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka katika wakfu wa Carnegie wa New York. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, juu ya safura, kodi, kilimo, na hata benki ya akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yake yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali za watu, Kiswahili kikiwamo, nazo zikapigwa sambamba na picha.

Mtu aweza kuudharau mradi huo kwa sababu ulikuwa wa wakoloni, na kweli mada zake zaonyesha nani aliyechagua kitu cha kufundishwa. Kodi si mada ambayo mkulima angejichagulia. Lakini katika jambo moja ulikuwa mbele yetu: ulikubali tangu mwanzo kwamba picha peke yake haifundishi, na kwamba anayetazama lazima aelezwe kwa lugha yake. Leo, takriban miaka 90 baadaye, mtoto wa shule wa Soroti au Kasese huonyeshwa ini na mapafu yake mwenyewe kwa Kiingereza cha mbali kilichosemwa upesi upesi.

Waliofuata waliharibu palipokuwa pazuri. William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nijeria kabla ya kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwake ilibidi filamu iende polepole, picha zikae muda mrefu, na mbinu zote za senema ziondolewe. Kisa kilichotumiwa sana kuunga mkono mawazo ya namna hiyo ni kile cha kuku. John Wilson alisimulia, na Marshall McLuhan akakieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, kwamba wanakijiji wa nchi moja ya Afrika walionyeshwa filamu ya dakika 5 hivi juu ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji wenyewe hawakujua kwamba kuna kuku ndani ya filamu yao. Ilibidi waitazame upya, picha baada ya picha, ndipo wakamwona akiruka pembeni kwa sekunde moja.

Kisa hiki kimesomwa kwa miaka mingi kama ushahidi wa upungufu wa watazamaji. Sisi twakisoma kinyume. Wanakijiji ndio waliotazama fremu nzima. Watengenezaji walitazama kile tu walichokusudia. Katika filamu iliyokwenda kwa mwendo wa konokono, kuku ndiye kiumbe pekee aliyefanya jambo la ghafla na la kweli. Tena hakuna aliyewauliza kabla ya hapo maji yaliyotuama yana maana gani kwao. Mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza swali baada ya filamu akajibiwa juu ya nguo za mtangazaji anamfahamu kuku huyo.

Sasa tutazame filamu moja kwa ukamilifu, iliyo bora kwa kadiri tunavyoona kati ya filamu fupi zote zifaazo masomo mengi kwa wakati mmoja. Ni Powers of Ten ya Charles na Ray Eames, Wamarekani mume na mke, iliyotolewa mwaka 1977 baada ya toleo la majaribio la mwaka 1968. Ina dakika 9. Mzizi wake ni kitabu cha Kees Boeke, mwalimu wa shule wa Uholanzi, kilichochapishwa mwaka 1957, ambacho kinaupitia ulimwengu kwa hatua 40 kikianzia kwa msichana aliyeketi nje ya shule na paka wake. Tunalitaja hili makusudi: wazo lililowapa sifa wasanii mashuhuri lilizaliwa katika kazi ya mwalimu na wanafunzi wake.

Filamu yaanza kwa mwanamume na mwanamke waliotandika shuka la mandari karibu na ziwa, mjini Chicago. Mwanamume amelala. Twamtazama kutoka juu, katika mraba wenye upana wa mita 1. Kisha kamera inaanza kupanda, na kila baada ya sekunde 10 upana wa picha huongezeka mara 10. Mita 10, mita 100, kilomita 1. Mji, ziwa, dunia nzima. Sayari, jua likiwa nukta, Njia Nyeupe, na hatimaye galaksi zilizotawanyika kama vumbi, katika hatua ya 24. Hapo inageuka na kurudi kwa kasi, hatua moja kila sekunde 2, hadi kwenye mkono wa yule mwanamume aliyelala. Halafu inapenya ngozi, inaingia katika mshipa mwembamba wa damu, katika chembe nyeupe, katika kiini chake, katika DNA, katika atomi ya kaboni, mpaka protoni. Jumla ni hatua 40, zile zile za Boeke.

Ubora wa filamu hii u katika umbo lake. Haina mchoro unaorukaruka wala muziki wa kusisimua kupita kiasi. Ina kanuni moja tu, nayo inatimizwa bila ya kuvunjwa. Mwanafunzi akishaishika kanuni katika hatua ya tatu, hatua zilizobaki anaweza kuzitabiri kabla hazijafika, na kutabiri ndiko kufikiri. Mwalimu wa hesabu hupata vipeo. Wa jiografia hupata kipimo cha ramani. Wa biolojia hupata seli. Wa fizikia hupata atomi na nyota kwa mkupuo mmoja. Masomo ambayo ratiba ya shule imeyatenga kwa kengele yanaonekana hapa kuwa ni umbali tofauti wa kutazama kitu kimoja. Hatujui kitabu cha kiada kinachosema jambo hilo kwa ufupi wa namna hiyo.

Lakini ina kasoro, na si ndogo. Kwanza, msimulizi wake hajui shaka. Sauti ya Philip Morrison, mwanafizikia aliyesoma maelezo, ni tulivu na ya kupendeza, na kwa sababu hiyo hiyo yamfanya mtazamaji aamini kwamba kamera kweli ilisafiri. Haikusafiri. Picha nyingi zilitungwa na kuchorwa kutokana na picha zilizopigwa angani na kutokana na hesabu za wataalamu. Tofauti kati ya kilichoonwa na kilichokadiriwa, ambayo ndiyo roho ya sayansi, imefutwa kwa ajili ya ulaini. Pili, ni filamu ya mwaka 1977. Safari ya nje inaishia hatua ya 24, ilhali leo ulimwengu unaoonekana unahesabiwa kufika takriban hatua ya 26 na zaidi. Mwanafunzi asipoambiwa, atadhani kwamba ukingo wa filamu ni ukingo wa ulimwengu. Tatu ni mahali. Si kosa kuanzia Chicago, kwani lazima uanzie mahali. Ila mtoto wa kwetu haoni kitu kinachofahamika kabla ya dunia nzima kutokea katika hatua ya 7. Hatua 7 za mwanzo, ambazo kwa mtoto wa Chicago ni njia ya nyumbani, kwake ni picha za nchi ya watu.

Kasoro hii ya tatu yatibika, na tiba yake imetupa vipindi vizuri kuliko filamu yenyewe. Wanafunzi huanzia ufukweni Entebbe na kuzichora hatua zao. Mraba wa mita 100 unachukua kipande cha ufuko. Wa kilomita 10 unachukua rasi. Wa kilomita 100, yaani mita laki 1, waweza kuwekwa hata Kampala na Jinja zikaingia pamoja, lakini Ziwa Nyanza halienei. Linaenea lote katika mraba wa mita milioni 1. Na hapa Kiswahili kinatoa kitu ambacho Kiingereza hakina. Kiingereza kikishapita elfu hakina jina jipya mpaka milioni; Kiswahili kina laki, kituo katikati ya safari. Mwanafunzi anayehesabu moja, kumi, mia, elfu, elfu kumi, laki, milioni anatembea juu ya vipeo kwa maneno aliyoyasikia sokoni. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa nasi alistaajabu. Sisi hatukustaajabu, ila tulifurahi.

Juu ya urefu wa filamu, watetezi wa ufupi hupenda kutaja uchunguzi wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014. Walichambua mitazamo milioni 6.9 ya video za masomo ya edX, wakaona kwamba muda wa kati ambao watu hutazama hauzidi dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Basi imekuwa kama sheria: dakika 6, usizidi. Lakini uchunguzi huo ulipima kutazama, haukupima kujua. Mtu aweza kuitazama filamu hadi mwisho na kutoka mikono mitupu. Zaidi ya hapo, wale waliochunguzwa walikuwa mbele ya kompyuta zao, huru kuondoka wakati wowote. Darasa la wanafunzi 70 mbele ya projekta moja ni hali nyingine kabisa.

Uchunguzi unaotuhusu zaidi ni ule wa Derek Muller, katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Sydney ya mwaka 2008. Alionyesha wanafunzi video fupi za fizikia. Walioonyeshwa maelezo sahihi, wazi na mafupi waliyasifu kwamba yanaeleweka. Walipopimwa walikuwa hawakuongeza mengi. Walioonyeshwa mazungumzo ambamo mawazo potofu yanatajwa kwanza, yakatetewa, kisha yakapingwa, walilalamika kwamba video inachanganya. Nao ndio waliojifunza zaidi. Hili halipaswi kuwashangaza watu waliolelewa katika ushairi wa kujibizana na katika vitendawili. Anayetega hutaka jibu la makosa kwanza, apewe mji, ndipo afumbue. Filamu iliyo wazi mno inamfumbulia msikilizaji kitendawili kabla hajategewa.

Kwa mizani hiyo tuitazame kazi ya Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Akili and Me, ya watoto wadogo zaidi, ikafuata mwaka 2016. Vipindi vyake ni virefu kuliko filamu tunazozijadili, lakini nyimbo zake hutazamwa peke yake na zafaa kuhukumiwa kama filamu fupi. Sifa yake kubwa ni kwamba tatizo huja kabla ya kanuni: watoto wa hadithi wamekwama, na hesabu ndiyo inayowakwamua. Sifa ya pili ni kumpa mtazamaji zamu. Swali huulizwa, na walio nyumbani waliweza kujibu kwa ujumbe wa simu. Sifa ya tatu ni Kiswahili chenyewe. Katika nchi yetu, ambamo wazee wengi walikijua Kiswahili kwa sauti ya askari kwanza, si jambo dogo mtoto kukisikia kikisemwa na watoto wenzake wakicheka na kukosea hesabu.

Upungufu wake, kwa maoni yetu, u katika wimbo. Wimbo ni chombo cha kukumbuka, wala si chombo cha kuelewa. Kibwagizo hubaki kichwani hata kama sababu yake imesahauliwa, na mtoto aweza kuuimba utaratibu wa kutafuta eneo bila ya kujua eneo ni nini. Hatusemi wimbo uondolewe. Twasema mwalimu asiridhike darasa linapoimba.

Limebaki suala la sauti, ambalo ndilo lililotupa kichwa cha makala haya. Shule zetu zilipofungwa Machi 2020 na kukaa hivyo kwa wanafunzi wengi hadi Januari 2022, filamu na vipindi vya redio na televisheni vilibebeshwa mzigo wa mwalimu mzima. Vikashindwa pale ambapo havikumfikia mtoto, na pale vilipomfikia vilimkuta peke yake, hana wa kumuuliza. Hata hivyo Uganda ilikuwa na shule nyingine ya filamu muda wote huo: vibanda vya video. Humo, kwa miaka mingi, msimulizi aitwaye VJ huketi na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiganda. Anafafanua, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anawaonya watazamaji juu ya jambo linalokuja. Dar es Salaam nako Lufufu alipata umaarufu kwa kazi hiyo hiyo kwa Kiswahili. Wasomi waliwadharau wasimulizi hao kwa sababu hawakufuata maneno ya filamu. Sisi tumekuja kuona kwamba wao ndio walimu bora wa filamu waliowahi kutokea katika nchi zetu. Walijua kwamba mtazamaji asiyeelezwa hatazami, anaangalia tu.

Kwa hiyo tumekuwa tukiionyesha Powers of Ten kwa kuzima sauti. Mara ya kwanza wanafunzi wanatazama kimya, kisha wanasema walichokiona, pamoja na kuku wote. Mara ya pili mwalimu anasimulia kwa Kiswahili, akiisimamisha filamu katika kila hatua na kuuliza hatua ijayo itakuwa na nini. Mara ya tatu wanafunzi wenyewe, katika vikundi, wanaandika maelezo yao na kuyasoma juu ya picha. Sekunde 10 kwa kila hatua ni mizani ngumu kuliko ya shairi: sentensi mbili, pengine tatu, basi. Anayependa maneno mengi anapitwa na galaksi. Hatujapata zoezi la ufupisho linalowafanya wanafunzi wakate maneno kwa hiari yao kama hili.

Hapo ndipo lugha inapofanya kazi yake, na hapo ndipo magombano yanapozuka. Kikundi kimoja cha Kidato cha Pili kiliandika kwamba kamera imeingia katika kiini. Mwenzao mmoja akauliza, kiini kipi? Maana katika safari hiyo viini ni viwili: kiini cha seli na kiini cha atomi, na kati yao pana takriban hatua 8, kila hatua ikiwa ndogo mara 10 kuliko iliyotangulia. Mwingine akaleta kiini cha yai, ambacho mtu hula. Wakapendekeza kimoja kiitwe moyo, wakakataa kwa sababu moyo unadunda. Wakapendekeza kokwa, na hiyo ikapata watetezi, kwa kuwa kokwa huwa ndani, ni gumu, na ndilo zito. Mwalimu wa fizikia, aliyeitwa kuamua, alisema kwamba uzito wa atomi karibu wote umo ndani ya kiini chake, basi wa kokwa hawajakosea sana. Wa biolojia akasema kiini cha seli si kigumu hata kidogo. Mjadala huo ulikula kipindi kizima. Filamu ilibaki imesimama katika hatua ya 14 ya ndani, na protoni tuliifikia wiki iliyofuata.